Kimea Kutoka Milola

Kiswere, 3 Desemba 1955

Mdogo wangu Kibwana,

Salaamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, na zikukute umeshakula, maana nakujua: ukishika kitabu unasahau kwamba una tumbo. Huku tu wazima. Shemeji yako Maftaha anakusalimu. Yuko Milola kwa mama yake, amepeleka samaki wakavu, na atarudi na mtama kama kawaida yake. Paa la jiko tumeliezeka upya. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, mmoja kafa. Pweza mwaka huu ni wengi mpaka tunagawa.

Umeuliza habari za mpwa wako Ziada. Anaendelea. Nimeshamwachisha ziwa. Analialia, lakini atazoea, watoto wote huzoea. Chakula hali sana. Nadhani ni meno.

Haya, na hayo masomo yako ya udresa, ya kufunga watu vidonda, yanakwendaje? Umeandika kwamba kuna "mtu mmoja wa hapa hospitali" anayekusaidia kusoma. Mtu huyo hana jina? Tangu uanze kuandika habari zake, mwandiko wako umenyooka. Mimi nimekulea tangu Mama alipofariki, usinifanye mtoto.

Dada yako,
Mwahija


Dar es Salaam, 19 Desemba 1955

Dada yangu Mwahija,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nikaisoma nikiwa nimekula, usiwe na wasiwasi. Msalimu sana shemeji. Pole kwa mwana mbuzi.

Masomo ni mazuri, dada, mazuri kweli. Juzi mwalimu wetu alitufanyia jambo. Alichukua kipande cha muhogo wa kuchemsha akakidondoshea aidini, ile dawa ya vidonda inayowasha. Muhogo ukageuka mweusi kama wino. Akasema, hiyo ni alama kwamba pana unga. Kisha akanipa mimi kipande kingine nikitafune, nisimeze, nitafune tu mpaka taya zichoke. Wenzangu wakacheka sana. Nikatema kwenye kibakuli, akasubiri, akadondosha aidini. Haikuwa nyeusi! Imebaki na rangi yake ya kahawia. Unga umekwenda wapi? Na mdomoni mwangu muhogo ulikuwa umeanza kuwa mtamu. Jaribu na wewe, tafuna muhogo polepole, utaona utamu unakuja wenyewe.

Ni mate, dada. Ndani ya mate mna vitu vidogo, havionekani hata kwa darubini, vinaukata unga kuwa sukari. Waingereza wana jina lao. Mimi nimeviita vimeng'enya, kwa kuwa kazi yao ni kumeng'enya. Viko mdomoni, viko tumboni, viko kwenye majani na mbegu, viko kwa kila chenye uhai. Bila hivyo ungekula pishi nzima ya mchele na ukafa njaa.

Sasa nikuulize. Ziada ni mtoto wa juzi tu, ndiyo kwanza amemaliza mwaka. Kwa nini umemwachisha ziwa? Na "hali sana" maana yake nini? Watoto wote wanaota meno. Niambie vizuri.

Mtu wa hospitali anakusalimu.

Mdogo wako,
Kibwana


Kiswere, 8 Januari 1956

Kibwana,

Marahaba. Muhogo nimeutafuna. Ni kweli unakuwa mtamu. Maftaha ameniona nimekaa natafuna kitonge kimoja kama mbuzi, akaniuliza kama nimeanza wazimu.

Umeuliza, nami nitakujibu, ila ukimaliza kusoma choma karatasi hii.

Nina mimba. Ilishika Ziada bado ananyonya, na nilipojua nikamtoa ziwani siku hiyo hiyo, kwa hofu. Tangu hapo mtoto anakauka. Mikono imekuwa vijiti. Matako yamekwisha, ngozi inaning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Hatembei, na alikuwa ameshaanza kusimama. Nikimpa uji mzito anasukuma kwa ulimi, anakabwa, analia. Nikiuzimua kwa maji anakunywa vizuri, lakini ni maji, Kibwana, muda si muda analia tena.

Unajua wanavyosema. Wanasema tumembemenda. Kwamba mimi na Maftaha hatukuweza kusubiri mtoto amalize ziwa, na sasa mtoto analipa. Kisimani nikifika wanawake wananyamaza. Mama mkwe alikuja kutoka Milola, akamtazama Ziada, akanitazama tumbo, akafunga mzigo wake akaondoka bila kuniaga. Mlangoni akamwambia mwanawe, mimi na majirani tunasikia: "Mtoto huyu mmembemenda. Akifa, umrudishe huyu kwao Kilwa."

Maftaha hakujibu kitu. Mpaka leo hajajibu. Mimi simlilii ndoa, ndoa ataijua mwenyewe. Ninamlilia mwanangu. Na tena naogopa huenda ni kweli, ni mimi niliyemfanya hivi.

Mwahija


Dar es Salaam, 22 Januari 1956

Dada,

Shikamoo. Nimelia, sikufichi. Na karatasi nimeichoma.

Nisikilize sana. Hukumbemenda mtoto. Damu yenu haikumharibu wala maziwa hayakuoza. Mtoto ana njaa. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Uji mwepesi unajaza tumbo hilo kwa maji, na uji mzito hawezi kuumeza. Basi anakufa njaa mbele ya chungu kilichojaa. Ninawaona watoto wa namna hii hapa wodini, na wapo ambao mama zao hawana mimba wala nini.

Kwanza, mpeleke hospitali ya Lindi. Nakuomba.

Pili, mtu yule wa hospitali amenionyesha wanavyofanya kwa watoto wodini. Unapika uji mzito, mzito kabisa mwiko usimame, halafu unatia unga wa kimea kidogo, ujazo wa kijiko, unakoroga. Uji unalegea mbele ya macho yako mpaka unamiminika, na unga wote umo humo humo, hukuongeza maji. Mtoto anakunywa kikombe kimoja chenye chakula cha vikombe vitatu. Kimea cha mtama uliooteshwa, ukaanikwa, ukapukutwa miche yake, ukasagwa. Na ongeza unga wa samaki mkavu, maana mtama peke yake haujengi nyama ya mwili.

Fanya hivyo leo hii ukipata barua.

Kibwana


Kiswere, 10 Februari 1956

Kibwana,

Salaamu. Lindi siendi. Nikapande lori na tumbo hili na mtoto yule, watu wa Kiswere nzima wanishuhudie ninavyompeleka mtoto niliyembemenda kwa Wazungu? Siendi.

Na hilo la pili. Ala! Kimea? Kimea, Kibwana? Umesahau umezaliwa nyumba gani? Kimea ni cha kupikia pombe! Huku kijijini anayekiweka nyumbani ni Brigita tu, mke wa Ambrosi wa mashamba ya mkonge, naye ni Mkristo na pombe ndiyo kazi yake. Baba alikuwa mwadhini! Sasa mimi wananisema nimembemenda mtoto, halafu wanione natoka kwa Brigita na kimea chini ya khanga, niende kumpa mtoto ulevi. Hapo hata mbwa hatanisalimia.

Huyo mtu wako wa hospitali ni Mkristo, sivyo? Basi. Nimeshajua.

Ziada vile vile. Jana hakulia kabisa, na hilo ndilo limenitisha zaidi.

Mwahija


Dar es Salaam, 21 Februari 1956

Dada yangu,

Shikamoo. Unikasirikie, lakini usome mpaka mwisho.

Ndiyo, ni Mkristo. Anaitwa Yustina, ni nesi, kwao ni huko milimani nyuma ya Kilwa. Habari zake tutazungumza siku nyingine. Leo ni za Ziada.

Shika ushanga wako wa shingoni. Shanga nyingi kwenye uzi mmoja. Unga wa mtama ndivyo ulivyo: vipunje vya sukari vimetungwa kwenye uzi mrefu sana. Ukitia nyuzi hizo kwenye maji ya moto zinavimba na kujisokota pamoja, ndiyo maana uji unakuwa mzito. Kimeng'enya kinapita kinakata nyuzi. Zikishakuwa fupi haziwezi kujisokota, basi uji unalegea, na unakuwa na utamu kidogo. Sukari imefunguliwa, haikuongezwa.

Na kwa nini kimo kwenye mbegu iliyoota? Kwa sababu mbegu nayo ni mama, dada. Imemwekea mtoto wake akiba ya unga, lakini mche mchanga hauwezi kula unga kama ulivyo. Mbegu ikionja maji, inatengeneza vimeng'enya vya kumlainishia mwanawe chakula. Sisi tunaikausha hapo katikati ya kazi yake na kuazima vimeng'enya vyake kwa ajili ya mtoto wetu.

Tena havitumiki vikaisha. Kisu kikikata samaki huyu kinabaki kisu, kinamngoja mwingine. Ndiyo maana kijiko kimoja kinatosha chungu kizima. Na kila kimoja kina kazi yake tu. Kinachokata unga hakigusi nyama, kinachokata nyama hakigusi unga.

Pombe ni jambo lingine. Pombe ni kazi ya chachu, na chachu inataka siku kadhaa ikae ichemke yenyewe. Uji wa Ziada unaliwa ungali na joto, chachu haijapata hata nafasi ya kuingia. Nilimwendea mwalimu wa msikiti wetu nikamwuliza. Akaniuliza, "Ukinywa kikombe unalewa?" Nikamwambia hata ukinywa ndoo. Akasema, "Basi mpe mtoto chakula, unaniuliza nini?"

Dada, mtoto asiyelia ni mtoto aliyechoka. Usingoje.

Kibwana


Kiswere, 10 Machi 1956

Kibwana,

Nimefanya. Nilikwenda kwa Brigita nikipitia nyuma ya mashamba. Masikini, hakuniuliza hata neno moja. Wako kwenye Kwaresima, hapiki pombe, akanikung'utia kilichobaki chini ya tenga. Kiasi cha viganja viwili.

Nikapika uji mzito. Nikatia kimea. Na kwa kuwa roho yangu bado ilikuwa inasita, nikauchemsha. Nikauchemsha sana, nikasema, kama kuna ulevi wowote humu utoke na mvuke. Moto mkali, unatokota, mimi nakoroga na huku nasoma Bismillahi.

Haukulegea. Mwiko ulisimama vile vile. Nikatia kimea tena, nikachemsha tena, mpaka kikaisha chote. Uji ukabaki uji. Ziada akausukuma kwa ulimi kama siku zote.

Kimea chako hakina kitu, Kibwana. Au ni mimi ndiye sina kitu. Sitaki barua ya shanga tena. Mvua imeanza, Maftaha hayupo, na mimi nimechoka.

Mwahija


Dar es Salaam, 2 Aprili 1956

Dada, dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Kosa ni langu, si lako, wala si la kimea! Nimekueleza mambo yote nikasahau moja: moto. Yustina alinionyesha mbele ya macho yangu, chungu kiko chini, kimeepuliwa, nami sikuona kwamba hilo nalo ni la kuandika.

Vimeng'enya vinaogopa moto. Chukua ute wa yai. Mbichi ni maji maji, ukiutia kwenye mafuta unakuwa mweupe mgumu, na hata ukimwagia maji ya baridi hauwi tena ulivyokuwa. Kimeng'enya ni kitu cha aina hiyo. Kikichemshwa kinaharibika umbo, na umbo lake ndilo mkono wake wa kufanyia kazi. Uji ukiwa baridi kinasinzia. Ukitokota kinakufa. Kinataka joto ambalo kidole kinavumilia. Epua kwanza. Subiri. Ndipo utie.

Nimepeleka simu ya maandishi Lindi leo hii hii, lakini karani wa Posta anasema mito imejaa, magari hayapiti, na kutoka Lindi hadi kwako itangoja mtu wa kuibeba. Na barua hii sijui.

Niandikie neno moja tu. Hata kama ni baya.

Kibwana


Dar es Salaam, 30 Aprili 1956

Dada Mwahija,

Shikamoo. Tumeingia kwenye mfungo na bado sijapata habari yako. Kila meli ikitoka kusini nakwenda Posta. Kazini nimevunja vibakuli vya mwalimu, akanifokea, nikashindwa hata kumwambia sababu. Yustina anamwombea Ziada kwa dua zake, mimi kwa zangu.

Sitauliza kitu. Nimekusalimu tu.

Kibwana


Kiswere, 19 Mei 1956

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu, Kibwana,

Marahaba, marahaba tena na tena! Idi njema, ingawa imeshapita. Barua zako mbili nimezikuta hapa jana, zimelowa na kukauka. Simu sijaiona. Nilikuwa Milola tangu mwezi wa Machi, barabara imefungwa nyuma yangu, na huko hakuna Posta wala mtu wa kuja pwani. Usinikasirikie. Keti nikueleze.

Ziada mzima. Nimeanza na hilo ili upumue.

Baada ya barua yangu ile nilikaa kama nimefiwa. Siku hiyo jirani alileta pweza, na mimba hii inapenda pweza kuliko kitu chochote, basi nikakata papai bichi nikaanza kumsugua nalo. Unamkumbuka Mama? Utomvu wa papai umwingie pweza angali mbichi, akae, ndipo atiwe motoni. Siku ile Shangazi alipomchemsha kwanza, akatupa papai ndani ya mchuzi unaotokota mwishoni, tulitafuna kamba jioni nzima na Baba akasema hii ni nanga ya chombo gani. Nikawa namsugua pweza na huku nakutukana moyoni, wewe na kisu chako kisichoisha, kinachokata nyama hakigusi unga. Mara mkono ukasimama. Kinachokata nyama! Si ndicho hiki kilichomo ndani ya papai? Na hiki tunakitia kabla ya moto, hatukichemshi! Kumbe nimekiua kimea kwa mkono wangu na Bismillahi juu yake.

Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia, maana kimea kimekwisha na Brigita hana kingine mpaka Pasaka. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kukipata. Kwa mama mkwe. Wamwera wa huko hawakosi kimea, wanatengeneza togwa ya kunywa shambani. Mimi nimeinywa togwa yao miaka yote ya ndoa yangu, tamu, hailevyi, na sikuwahi kuuliza inatengenezwa na nini! Ningejua ni kimea nisingeigusa.

Nilipanda lori la mwisho kabla mto haujajaa. Kiswere nzima waliniona, wacha waone. Nikafika Milola na tumbo mbele na Ziada begani, hana uzito wowote, kama nimebeba khanga tu. Mama mkwe, Bibi Kibibi, yuko uani anapepeta. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mama." Akamtazama mtoto.

"Umemleta nimzike?"

"Nimekuja kuomba kimea, Mama."

"Kimea cha nini? Pwani mmeanza kunywa pombe?"

"Cha uji wa Ziada. Kibwana ameandika. Anajua kwa nini kinafanya kazi, lakini namna ya kukitia hakunieleza, na mimi nimekichemsha nikakiharibu. Nimekuja unionyeshe."

Kibwana, yule mama akaendelea kupepeta. Nikaona basi, ananifukuza. Akaweka ungo chini, akanichukulia mtoto begani, na alipomshika ndipo uso ukambadilika. Nadhani hakuwa amembeba tangu akonde. Alikuwa amemtazama tu.

"Washa moto," akaniambia.

Tukapika. Uji mzito, mwiko umesimama kama mlingoti. Akaepua chungu akakiweka chini, akakaa. Nikasogeza mkono nitie kimea, akanipiga kwa kijiti! "Ngoja." Tukangoja. Akatia kidole, akakitoa haraka. Akangoja. Akatia tena, akakiacha humo, akasema, "Sasa." Akanyunyiza kimea, akanipa mwiko mimi nikoroge.

Ulilegea, Kibwana. Nilihisi kwenye mkono kabla sijaona kwa macho. Mwiko ulikuwa mzito, mara ukawa mwepesi, mara ukalala pembeni ya chungu. Sikutia tone la maji. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Tukatia unga wa samaki, tukaurudisha motoni uchemke kidogo, kwa kuwa kazi ya kimea imeshakwisha na sasa hata kikifa hakuna hasara. Hilo lilikuwa shauri langu mimi, na mama mkwe akasema sawa.

Ziada alikunywa kikombe. Akakamata kikombe kwa mikono yake miwili, ile mikono ya vijiti, akakiinamisha kutazama kama kuna kitu chini. Akasema, "Tena."

Mfungo wote nimekaa huko. Sasa ana mashavu. Ana matako! Anasimama akishika ukuta, na jana katika mchanga wa hapa uani amekwenda hatua zake mwenyewe kumfuata mbuzi. Maftaha alimwona akakaa chini.

Ila kuhusu lile neno alilosema mlangoni, mama mkwe hajasema kitu, si kulirudia wala kulifuta. Amenipa kimea cha kuja nacho, kikapu kizima. Nami sikuuliza.

Dada yako anayekupenda,
Mwahija

Na huyo Yustina. Ana tabia gani?


Dar es Salaam, 4 Juni 1956

Dada yangu, dada wa pekee,

Shikamoo elfu. Nimeisomea barua yako wodini kwa sauti. Yustina alishika mdomo kwa mikono miwili, na mwalimu wetu akaniambia nimtafsirie habari ya pweza mara ya pili. Amesema mwakani wanafunzi wataanza na papai.

Hata mimi sikuwa nimeunganisha! Nimekula pweza wa Mama miaka yote ile, nikaja kujifunza vimeng'enya kwenye kibakuli cha mate. Nimejicheka sana.

Ana tabia nzuri. Ana sauti ya chini na akikasirika hasemi, anapanga chupa. Nataka kumwoa, dada, na nimeogopa kukwambia mwaka mzima kwa sababu ya Baba na kwa sababu ya watu. Kwao nao hawajakubali. Lakini nimeona wewe umepanda lori mbele ya Kiswere nzima, nikasema, mimi naogopa nini?

Mdogo wako,
Kibwana


Kiswere, 20 Agosti 1956

Kibwana,

Marahaba, baba. Salaamu kwako, na kwa Yustina pia, mwambie zimetoka kwangu kwa jina lake. Habari kubwa unaijua: mtoto wa kiume, Tawakali, mnene, ananyonya kama ana deni nami. Hajambo, nami sijambo. Mvua imeharibu ukuta wa nyuma, Maftaha anaukandika.

Juzi ilikuwa arobaini yangu. Wanawake wote walikuja, wale wale wa kisimani. Bibi Kibibi naye alifika kutoka Milola na tenga lake kichwani. Tumekaa mkekani, tunakula, na mara dereva wa lori akapiga hodi na karatasi mkononi. Simu yako! Imelala Lindi, ikapelekwa Kilwa kwa makosa, ikazunguka mpaka Nangurukuru, na sasa ndiyo inafika. Nikaisoma kwa sauti: "USICHEMSHE KIMEA. EPUA KWANZA." Ziada alikuwa anakimbia katikati ya watu na kipande cha mkate wa kumimina kila mkono. Nilicheka mpaka mshono wa nguo ukaachia.

Mmoja wao, simtaji, akamnong'oneza mwenzake, ila kwa sauti ya kusikika. Akasema, kimea au si kimea, yule mtoto alibemendwa, ni Mungu tu kamnusuru.

Nikainamisha kichwa, nimezoea. Bibi Kibibi akaweka sahani yake chini. Akasimama, na magoti yake unayajua, akashika nguzo.

"Aliyelianzisha neno hilo ni mimi," akasema. "Nililisema mlangoni pa nyumba hii, nyinyi mkaliokota. Sasa naliokota mwenyewe. Mjukuu wangu hakubemendwa. Mjukuu wangu alikuwa na njaa, kimea kiko kwangu Milola, na mimi nimekaa nasema."

Maftaha alikuwa amesimama mlangoni na udongo mikononi. Akaja akakaa kwenye mkeka kando yangu, mbele ya wanawake wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kibwana, nililia mbele za watu, na wala sikujifuta.

Kisha mama mkwe akafungua tenga lake. Kimea. Akaita wenye watoto waje na vikombe, naye akakaa chini akaanza kuwaonyesha kwa kidole.

Njoo na Yustina, tumwone. Mama mkwe anasema anataka kumuuliza kama kimea cha uwele nacho wamekijaribu huko.

Dada yako,
Mwahija